Doa Jeusi Unyayoni

Msikilizaji, mkulima wa mpunga wa Kyela, mkoani Mbeya, hushinda shambani miguu ikiwa topeni. Akiota kinundu unyayoni, husema amechomwa na mwiba. Mara nyingi ni kweli. Lakini saratani ya ngozi iitwayo melanoma, ikimpata mtu mweusi, mara nyingi huanzia hapo hapo: unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha. Mwanamuziki Bob Marley ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafariki mwaka 1981.

Kwa macho tu, hata daktari mzoefu hawezi kuapa. Sugu, kovu lililovimba, saratani ya Kaposi na melanoma vinaweza kufanana. Ndiyo maana hukatwa kipande kidogo cha nyama: sindano ya ganzi, kipande cha milimita chache, kisha ndani ya fomalini kisioze, mpaka kwa mtaalamu wa patholojia, anayekikata vipande vyembamba mno, kuvitia rangi na kuvitazama kwa hadubini.

Wapo wanaoamini saratani ikiguswa na kisu husambaa. Hofu hiyo inaua watu. Saratani husambaa katika ile miezi tunayopaka dawa bila kujua tunatibu nini.

Lakini kumfikia mtaalamu huyo si rahisi: nauli ya kutoka Matema au Ipinda, wilayani Kyela, hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 100, ni mzigo mkubwa. Kwa hiyo isafiri sampuli, mgonjwa abaki. Kipande kikatwe hospitali ya wilaya, chupa iandikwe jina na tarehe, namba ya simu ichukuliwe, na majibu yamfuate mgonjwa kijijini.