Asante na Asanteni: Lugha ya Shukrani Baada ya Harusi

Nchini Tanzania, kamati ya harusi huwa na daftari la michango lenye jina la kila mchangiaji na kiasi alichotoa. Hata hivyo, kadi ya shukrani mara nyingi hueleza kuwa si rahisi kumtaja kila mmoja kwa jina. Kauli hiyo ni sitara: orodha ingemfichua aliyetoa kidogo, ilhali wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini sitara hiyo ina gharama. Neno asante latokana na Kiarabu ahsanta, yaani ‘umetenda vyema’, kauli aambiwayo mtu mmoja. Kiswahili ndicho kilichozaa asanteni. Kadi husema asanteni. Maharusi hubaki na deni la kumwendea kila mmoja na kumwambia asante.