Ushuru: Neno na Kazi Yake kwa Mkulima

(Mazungumzo na wakulima wa mahindi, Saboti)



Kila msimu wa mavuno tunaulizana: je, mahindi ya nje yatatozwa ushuru? Neno hili lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi: katika kila mafungu kumi, moja lilitolewa kama kodi.

Leo ushuru wa forodha haujazi hazina tu, bali pia humkinga mkulima. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mahindi yanayotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 50. Gunia la shilingi 2,000 bandarini huongezwa 1,000. Mahindi ya Uganda yanayopitia Suam hayatozwi, mradi yawe na cheti cha kuonyesha yalikolimwa.

Kinga hiyo huweza kuondolewa. Mwaka 2017, ukame ulipopandisha bei ya unga, Serikali iliruhusu mahindi kuingia bila ushuru, mengine kutoka Mexico. Hatua kama hiyo humpa nafuu mnunuzi wa unga, lakini ikigongana na mavuno yetu humwumiza mkulima.

Tusiuchanganye na ushuru wa soko, ambao hutozwa na kaunti. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaipa Serikali ya Kitaifa pekee mamlaka ya kutoza ushuru wa forodha.

Kwa hivyo ukisikia tangazo, uliza mambo matatu: ni ushuru upi, mahindi yanatoka wapi, na mwisho wake ni lini? Ndipo uamue kuuza au kuweka ghalani.