Boston, London, Seneca Falls



Tukiitwa wahuni, tukumbuke Boston 1835. Watu walimkokota Garrison kwa kamba, juu gazeti lake lilidai watumwa waachiliwe mara moja. Kati yao kulikuwa wafanyabiashara wa heshima kabisa, si watoto wa barabara: waliogopa pamba ya Kusini.

Lakini tusisifu bure. 1840, London, mkutano wa kupinga utumwa uliwakatalia wajumbe wanawake kuongea. Garrison akaenda kukaa nao pembeni. Njo maana Elizabeth Cady Stanton na Lucretia Mott waliitisha Seneca Falls, 1848. Watu 100 wakatia sahihi. Magazeti yakawacheka, wengine wakaondoa majina. Hiyo aibu tunaijua, ee! Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa, hakuondoa lake. Aliwatetea katika gazeti lake.