Kisukari na Amana ya Mwili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, mwenye kisukari husikika akisema, "Nimekwisha kuandikiwa, nijizuie nisijizuie, yote ni mamoja." Hiyo si tawakuli. Mtume (S.A.W.) alimfundisha mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mola. Ugonjwa ni kadari. Lakini vijiko vinne vya sukari katika kikombe kimoja cha chai ni mazoea, na mazoea hubadilika.

Katika miaka ya 1980, uchunguzi katika vijiji vya Tanzania ulikuta kisukari kwa mtu asiyefikia mmoja katika kila 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta wapatao 9 katika kila 100, miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Sababu mojawapo kubwa ni mwenendo wetu. Wazee walitoka Kirumba hadi mjini kwa miguu. Sisi twapanda pikipiki hata kwa mwendo wa dakika kumi.

Basi mgonjwa wa Mwanza afanyeje? Ziwa limempa sato na dagaa, na bustani zimempa mchicha. Apunguze ugali na wali, azidishe mboga, aache soda na chai ya sukari. Atembee nusu saa kila siku. Atazame nyayo zake kila usiku, kwani kidonda kisichouma huweza kumpotezea mguu. Asiache dawa pasipo shauri la daktari, na amwulize mapema kabla ya Ramadhani. Suratul Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula.

Lakini mzigo huu si wake peke yake. Enyi wenye nyumba, msimpikie kando kama aliyetengwa, kisha mkala maandazi mbele yake. Chakula kimfaacho mgonjwa huwakinga na watoto. Na mgeni akikataa sukari, msimshurutishe kwa jina la ukarimu. Kumkirimu ni kumpa kinachomfaa.

Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake. Anzeni leo kwa jambo moja dogo, mkalidumishe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atujaalie subira. Amin.

Wassalaamu alaykum.