Panya Buku na Hesabu ya Kunukuliwa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Morogoro)



Kamati imeniomba nieleze jinsi uzito wa mtaalamu unavyopimwa siku hizi, kwa kuwa vijana wetu walioko vyuo vikuu wanalalamika kwamba kupandishwa cheo kumekuwa hesabu tupu. Nitachukua mfano wa elimu ya kumbukumbu, yaani jinsi ubongo unavyojifunza jambo, unavyolihifadhi na unavyolisahau. Sababu ya kuchagua elimu hiyo mtaiona, maana itatufikisha hapa hapa chini ya Uluguru.

Kipimo kinachotajwa sana kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, nacho huitwa kipimo cha h. Mwenye h ya 20 ni yule ambaye makala zake 20 zimenukuliwa na wataalamu wengine mara 20 au zaidi kila moja. Hesabu hiyo hata mtoto wa kidato cha pili ataiweza. Lakini aliyeandika makala moja tu, hata ikinukuliwa dunia nzima, h yake ni 1. Mwaka 1957 William Scoville na Brenda Milner walitoa makala juu ya mgonjwa aliyeondolewa sehemu ya ubongo pande zote mbili, akawa hawezi kuweka kumbukumbu mpya. Imenukuliwa maelfu ya mara, na elimu yote ya kumbukumbu imeegemea hapo. Hata hivyo katika kipimo cha h inaongeza moja, kama makala nyingine yoyote iliyofikisha kiwango.

Sasa tuje nyumbani. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Ndiyo, panya buku wale wale tuliowajua kama wezi wa mahindi. Panya huyu haoni vizuri, lakini pua yake ni ya ajabu. Kwanza anazoeshwa kwamba kila kidude kinapolia, chakula kinafuata: ndizi au karanga. Halafu anafundishwa kwamba harufu ya baruti ndiyo inayoleta mlio. Mafunzo huchukua kama miezi tisa. Akifuzu, anapita juu ya bomu la ardhini bila kulilipua kwa kuwa ni mwepesi, na akilinusa anaparura udongo.

Hapa pana jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha kazi yote. Katika uwanja wa mabomu wenyewe panya akiparura hapewi chakula, kwa sababu hakuna ajuaye bado kama bomu lipo kweli. Ukimlipa kwa kosa, umemfundisha kosa. Usipomlipa kabisa, mazoea yake yatazimika, kama Pavlov alivyoonyesha kwa mbwa zamani. Dawa yake ni kumrudisha mara kwa mara kwenye uwanja wa mazoezi, mahali ambapo mabomu yaliyofukiwa yanajulikana, ili malipo yawe ya haki. Katika kupima makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu hufanywa vivyo hivyo: sampuli ambazo ugonjwa wake umekwisha kujulikana huchanganywa na zile zisizojulikana, na panya hulipwa kwa zile za kwanza tu.

Mambo haya yameandikwa. Mwaka 2009 Weetjens, pamoja na Georgies Mgode, Robert Machang'u na Watanzania wengine wengi, walitoa makala juu ya kifua kikuu. Mwaka 2011 Alan Poling wa Marekani na wenzake wakaeleza ile ya mabomu. Sidharau kunukuliwa kwao hata kidogo. Bila maandishi, daktari wa nchi nyingine angeaminije panya? Hata leo sampuli ambayo panya ameishuku lazima ithibitishwe maabara kwanza, na ni vema iwe hivyo.

Lakini panya Magawa, aliyezaliwa hapa Morogoro mwaka 2013, aligundua mabomu 71 ya ardhini nchini Kambodia kabla ya kustaafu mwaka 2021. Mkulima anayelima shamba hilo leo hatanukuu makala ya mtu. Na yule mkufunzi anayeamka alfajiri kumpeleka panya mazoezini, ili asisahau, jina lake kwa kawaida halimo katika orodha ya waandishi, basi h yake ni sifuri mpaka anastaafu.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Gazeti letu lichapishe kila mwaka kazi za wanachama wetu wa sayansi, na kando ya hesabu ya kunukuliwa iandikwe kazi hiyo imetumiwa wapi na nani. Pili, mafundi wa maabara na wakufunzi waliosoma shule hii waingizwe katika orodha hiyo hiyo, siyo katika ukurasa wa nyuma. Nakala za makala mbili nilizozitaja nimeziacha mezani kwa Katibu, kwa atakayependa kusoma.