Ringi za Kichwa cha Nguzo: Maneno ya Mweka Hazina Kwenye Mkutano wa Mwaka



Mwaka jana nilisimama hapa nikijisifu kwamba nimepunguza bajeti ya bweni la wasichana. Leo nakiri kosa. Kimojawapo nilichokata kiliandikwa "ringi za kichwa cha nguzo". Niliona nondo za slabu zimeshahesabiwa, nikadhani fundi anadai mara mbili. Mimi ni mhasibu. Nondo naijua kwenye risiti.

Mhandisi wetu alinielewesha kwa kipande cha boksi na penseli. Slabu yetu, yenye bwalo chini na bweni juu, haina mabimu. Imekaa moja kwa moja juu ya nguzo. Uzito wa vitanda, masanduku na watoto wenyewe unakimbilia pale nguzo ilipo. Ukilikandamiza boksi juu ya penseli, penseli inalitoboa. Slabu nayo inaweza kutobolewa na nguzo hivyo hivyo, tena kwa ghafla. Ringi zinashona zege hapo: zinashika nondo za juu na za chini pamoja, safu baada ya safu kuizunguka nguzo.

Basi tukazirudisha kwenye bajeti. Lakini kununua si kufunga. Kwa slabu yetu ya sentimita 25, mhandisi alitaka safu ya kwanza isizidi sentimita 10 kutoka kwenye nguzo, na safu zinazofuata zisiachane zaidi ya 15. Nilipofika Mpwapwa mwezi wa sita, safu ya kwanza ilikuwa sentimita 40 mbali, kwa sababu karibu na nguzo nondo zimebanana na mkono hauingii. Risiti zilikuwa sawa kabisa! Zege lilikuwa limwagwe kesho yake. Mhandisi alisimamisha kazi, mafundi wakafungua na kufunga upya siku mbili.

Tarehe 29 Juni 1995, huko Seoul, Korea Kusini, duka la Sampoong liliporomoka na kuua watu 502. Sakafu zake hazikuwa na mabimu, nguzo zilipunguzwa unene, na juu ya paa palikuwa na mitambo mizito ya kupoza hewa. Nasi tunakumbuka watu 36 wa ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013. Sisemi sababu ni hiyo hiyo, ila msiba tunaujua.

Mwanachama mmoja ameahidi tangi la lita 10,000, liwekwe kwenye baraza ya juu. Kwa ukame wetu, tunamshukuru sana. Lakini maji hayo peke yake ni tani 10, na slabu haikupigiwa hesabu hiyo. Naomba likae chini, kwenye msingi wake, tutafute pampu.

Nusu ya pili ya slabu bado. Naomba fedha za kumfikisha mhandisi kabla ya zege, apige picha ringi zikiwa bado zinaonekana. Picha hizo nitaziambatisha kwenye risiti. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho, yangu nimeshaijaza.