Mvua Ikinyesha, Usiingie Pangoni



Tarehe 23 Juni 2018, baada ya mazoezi ya mpira, wavulana 12 na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Ni pango la mawe ya chokaa, refu kiasi cha kilomita 10. Mvua ikanyesha, maji yakawafungia njia.

Jiwe la chokaa huliwa na maji polepole, miaka nenda miaka rudi, hadi ufa ukawa njia. Kwa hiyo mvua ikinyesha mlimani, maji hurudi kwenye njia zake yenyewe, hata kama mlangoni pa pango bado ni pakavu.

Wapiga mbizi wawili kutoka Uingereza waliwapata tarehe 2 Julai, wote hai. Kazi ilikuwa kuwatoa. Kuna mahali mtu hupita kwa kujibana, gizani, chini ya maji. Saman Kunan, mpiga mbizi aliyewahi kuwa mwanamaji, alifariki tarehe 6 Julai baada ya kupeleka mitungi ya hewa. Wavulana walidungwa dawa ya usingizi ili wasishtuke majini. Wa mwisho walitoka tarehe 10 Julai.

Pwani pia ina mapango, kama Shimoni na Panga ya Saidi. Vijana, mkitaka kuingia pango lolote, tafuteni mwenyeji anayelijua, na mwambieni mtu wa nyumbani mnakokwenda na saa ya kurudi. Wale wa Thailand, baiskeli zao zilikutwa mlangoni.